Kufanya Sabuni Nyumbani



Mimi ni monitere wa kilimo. Nilifundishwa kusoma na kuhesabu katika shule ya misioni, nikamaliza masomo ya msingi, kisha nikafundishwa kazi ya shamba. Sikusoma zaidi. Kwa hiyo sitawaletea maneno makubwa. Nitawaambia kazi moja tu, ambayo mikono yangu inaijua, ndiyo kufanya sabuni nyumbani. Maneno haya niliyasema kwanza mbele ya jamaa za Katuba na Kenya, hapa Lubumbashi. Wakaniomba niyaandike, ili aliyesahau apate kuangalia tena.

Labda utauliza: Monitere wa kilimo ana shauri gani na sabuni? Jibu ni rahisi. Sabuni ni mazao ya shamba. Mafuta ya ngazi, mafuta ya karanga, majivu ya maganda ya ndizi, nta ya nyuki, majani ya mchaichai, vyote vinatoka katika udongo. Mtu anayeuza mafuta anapata faida moja. Mtu anayeyageuza kuwa sabuni anapata faida ya pili juu ya ile ya kwanza. Lakini sharti ajue kazi. Asiyeijua hafanyi sabuni, anafanya kitu cha kuunguza ngozi za watu. Najua neno hilo kwa sababu nililifanya mimi mwenyewe, nami nitawaeleza bila kuficha.

1. Sabuni ni kitu gani

Watu wengi hufikiri sabuni ni mafuta yaliyogandishwa na kutiwa harufu nzuri. Sivyo. Sabuni ni mtoto wa wazazi wawili. Mmoja ni mafuta, wa pili ni soda kali. Wazazi hawa wakikutana kwa kipimo cha haki, wote wawili wanakwisha, na mahali pao inabaki sabuni. Katika sabuni nzuri huoni tena soda. Imekwisha kuliwa na mafuta.

Soda kali si soda ya kupikia maandazi, wala si magadi. Ni dawa nyeupe inayouzwa katika vigamba au katika chembe ndogo za mviringo. Inakula ngozi, inakula jicho, inakula koo ya mtoto. Msichanganye majina haya hata siku moja.

Wazee wetu walijua kazi hii kabla ya maduka. Katika nchi nyingi za Afrika ambako ngazi inaota, watu walichoma maganda ya ndizi, au vichala vya ngazi vilivyokwisha kutolewa mbegu. Walitia majivu katika chungu chenye matundu, wakamwaga maji juu yake, na maji yakatoka chini yana rangi ya chai, tena yanateleza vidoleni. Maji hayo waliyapika pamoja na mafuta, ikatoka sabuni laini ya rangi nyeusi. Wazungu nao zamani walitumia majivu vile vile. Ndipo mwaka 1791 Mfaransa mmoja, Nicolas Leblanc, alipata hati ya njia yake ya kufanya soda kwa chumvi ya kula, na tangu hapo viwanda vikaacha kungojea majivu.

Viwanda vilipopata soda nyingi, vikataka mafuta mengi. Basi habari hii ikafika kwetu Kongo. Mwaka 1911 William Lever, Mwingereza mwenye sabuni ya Sunlight, alipatana na serikali ya Wabelgiji juu ya misitu ya ngazi. Kampuni yake ikaitwa Huileries du Congo Belge, na kituo chake kikubwa kule Kwilu kikaitwa Leverville. Siku hizi mahali pale ni Lusanga. Watu wengi walilazimishwa kupanda ngazi na kukata vichala kwa malipo haba. Mafuta yakashuka mto, yakaingia melini, yakaenda Ulaya kufanywa sabuni. Faida ya kwanza ilikuwa ndogo nayo ilibaki huku. Faida ya pili ilikwenda na meli.

Sisemi habari hizi ili mkasirike. Nasema ili muone kwamba mafuta yaliyo katika chupa ya mama jikoni ni mafuta yale yale. Kitu kilichopungua nyumbani si mali, ni ujuzi na kipimo.

2. Kwa nini kazi hii inafaa Lubumbashi

Mji wetu ulianza mwaka 1910 kwa sababu ya shaba, ukaitwa Élisabethville mpaka mwaka 1966. Watu walizoea kungojea mshahara wa mwisho wa mwezi. Katika kambi za Union Minière wanawake walifundishwa kushona, kupika na kutunza watoto, na mwanaume ndiye aliyeleta franka. Lakini mshahara si jiwe. Mwaka 2003 na 2004 zaidi ya wafanyakazi 10,000 waliondoka Gécamines katika mpango mmoja tu. Tangu miaka ile, hata kabla yake, katika nyumba nyingi mama ndiye aliyeamka kwanza kwenda kutafuta chakula. Basi kazi ndogo ya nyumbani si mchezo. Ni chakula, tena ni karo ya shule.

Ngazi haistawi sana huku kwetu, kwa maana mji uko kama mita 1,200 juu ya bahari, na kiangazi chetu kina baridi. Mafuta yanatoka kaskazini na Kasai. Reli kutoka Bukama mpaka Ilebo ilimalizika mwaka 1928, ikafungua njia ya nchi zile. Kwa hiyo mafuta mekundu hayakosi sokoni.

Tena kuna jambo la afya. Kipindupindu kimetembelea mji huu mara nyingi, nacho kinapita katika mikono na maji. Na vumbi la migodi linaingia nyumbani. Mwaka 2009 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wa Leuven, Ubelgiji, walitangaza kwamba watu wakaao karibu na migodi na viwanda vya Katanga wana kobalti nyingi katika mkojo wao, na zaidi sana watoto. Sabuni haiwezi kuondoa kitu kilichokwisha kuingia mwilini. Lakini mtoto anayenawa kwa sabuni kabla ya kula hali vumbi la mikono yake. Nyumba yenye sabuni yake yenyewe haihesabu mara ngapi watoto wamenawa.

3. Kosa langu

Sasa sikilizeni habari niliyoahidi.

Nkambo yangu, mama wa baba, alifanya sabuni kwa miaka mingi nyuma ya nyumba. Hakuwa na mizani. Alikuwa na kopo la nyanya, lenye alama ya msumari ndani. Alichota soda kwa kopo lile mpaka alama, akatia katika maji, akachanganya na mafuta ambayo nayo aliyapima kwa chupa zake. Sabuni yake ilikuwa njema. Jirani walimwita Mama Sabuni.

Nilipomaliza shule niliona nafasi ya kupata franka upesi. Nikaazima kopo la nkambo, nikaenda sokoni. Siku ile hapakuwa na soda ya vigamba, palikuwa na soda ya chembe. Nikasema moyoni, soda ni soda. Nikachota mpaka alama ile ile. Sabuni ikaganda vizuri, tena kwa upesi, nami nikafurahi. Nkambo alikuwa na desturi ya kungojea majuma sita. Mimi nilingoja siku tano. Nikakata vipande kumi na viwili, nikauza tisa.

Siku ya tatu mama mmoja wa barabara yetu alimwogesha mtoto wake wa miezi minane kwa sabuni yangu. Mgongo wa mtoto ukawa mwekundu, kisha ukatoa malengelenge. Usiku ule mtoto alilia, na sisi tulimsikia kutoka nyumbani kwetu. Asubuhi walimpeleka kwa waganga.

Nilitaka kunyamaza. Mama yule alifikiri ni ugonjwa wa joto. Hakuna aliyenitaja. Nilimwambia nkambo peke yake, nikidhani atanificha. Alinitazama, akasema: «Mwanangu, vipande tisa vimetoka. Umejua habari za kimoja tu. Nenda mlango kwa mlango.»

Nilikwenda. Nilirudisha franka za watu na kuchukua vipande vyangu, hata vilivyokwisha kutumika. Mlango wa mwisho ulikuwa wa mama wa mtoto. Nilimwambia, «Mama, nisamehe. Ni sabuni yangu.» Hakunipiga. Alifunga mlango, na kwa miezi mingi hakuitika salamu zangu. Mtoto alipona katika majuma mawili.

Baadaye, nilipofundishwa kazi ya kilimo, niliweka kopo lile juu ya mizani. Hapo ndipo nilipofahamu. Kopo lilishika gramu 140 za vigamba. Lakini chembe ni ndogo, zinakaa karibu karibu bila nafasi katikati, na kopo lile lile lilishika gramu 168. Kilo moja ya mafuta ya ngazi inaweza kula kama gramu 141 za soda, haiwezi zaidi. Basi gramu 27 zilikosa mafuta ya kula, zikabaki ndani ya sabuni zikingojea ngozi ya mtu.

Tena fahamuni: nkambo naye alikuwa amesimama karibu na ukingo bila kujua. Gramu 140 hazikuacha nafasi ya kosa. Kopo halikuwa na hila. Kopo linapima nafasi, halipimi uzito.

4. Vyombo vya kazi

Cha kwanza ni mizani inayoonyesha gramu moja moja. Jamaa maskini wasinunue mizani peke yao. Nyumba tatu au nne zichange. Ukitaka kujua kama mizani inasema kweli, pima maji: lita moja ya maji safi ni gramu 1,000, nusu lita ni 500.

Cha pili ni chombo cha kuyeyushia soda. Kiwe cha chuma kisichoshika kutu, au bakuli la chuma lililopakwa rangi ya kioo na lisilobanduka, au ndoo ngumu ya plastiki. Usitumie sufuria ya alumini hata kidogo. Sufuria nyingi za masoko yetu ni za alumini. Soda inaila alumini, inatoa povu na hewa inayoweza kushika moto, na sufuria inatoboka.

Vingine ni mwiko wa mti, sanduku la mbao lililotandikwa karatasi ya plastiki ndani, kisu, mifuko ya mikono ya mpira, miwani ya kufunika macho, na daftari. Vyombo hivi visirudi jikoni. Vitie alama, uviweke juu.

5. Vipimo

Kwa mafuta mekundu ya ngazi:
Mafuta, gramu 1,000.
Soda kali, gramu 134.
Maji safi, gramu 330.

Mtaniuliza, kwa nini 134, na mafuta yanaweza kula 141? Kwa sababu tunaacha sehemu 5 katika 100 za mafuta zisiliwe. Mafuta yale yanayobaki yanailinda ngozi, tena yanatulinda sisi tukikosea kidogo. 

Kila mafuta yana tumbo lake. Kwa gramu 1,000 za mafuta ya karanga tia soda gramu 129. Kwa shahamu ya ng'ombe, gramu 133. Kwa mafuta ya kokwa za ngazi, gramu 167. Ukibadili mafuta bila kubadili soda, umeharibu kazi.

Mafuta mekundu peke yake yanatoa sabuni ngumu, lakini povu lake ni dogo. Mafuta ya kokwa yanatoa povu jingi. Basi ukichanganya gramu 700 za mafuta mekundu na gramu 300 za kokwa, hesabu yake ni hii: 700 zinataka soda 94, na 300 zinataka soda 50. Jumla ni gramu 144. Maji ni yale yale 330. Mpe mtoto wako aliye shuleni hesabu hii aifanye, nawe uifanye pembeni. Mkipata jibu moja, endeleeni.

6. Namna ya kufanya

Kwanza safisha mafuta. Wauzaji wengine huongeza maji katika chupa. Pasha mafuta juu ya mbabula polepole mpaka yaache kulia, uyachuje kwa kitambaa, ndipo uyapime. Usipime kabla, maana utakuwa umepima maji.

Pili, ondoa watoto wadogo. Waende kwa jirani. Mbwa na kuku pia.

Tatu, fanya kazi nje, upepo ukiwa mgongoni. Vaa mifuko ya mikono na miwani. Pima maji ndani ya chombo. Pima soda katika chombo kingine kilicho kikavu. Kisha tia soda ndani ya maji, kidogo kidogo, ukikoroga. Usimwage maji juu ya soda. Maji juu ya soda yanachemka ghafula na kuruka usoni. Hata ukifanya vema, maji yatapata joto kali bila moto, na yatatoa mvuke wenye kukwaruza koo. Geuza uso, ungoje.

Nne, acha maji ya soda yapoe mpaka chombo kiwe cha vuguvugu unapokigusa kwa nje. Mafuta nayo yawe vuguvugu, yameyeyuka yote. Katika baridi ya mwezi wa sita na wa saba mafuta mekundu yanaganda upesi, basi yapashe tena kidogo.

Tano, mwaga maji ya soda ndani ya mafuta polepole, mwingine akikoroga. Koroga bila kuacha, nusu saa au hata saa moja. Mchanganyiko utakuwa mzito kama uji wa mtoto. Inua mwiko, acha matone yaanguke. Yakiacha alama juu bila kuzama mara moja, imekwisha. Ukitaka harufu, tia sasa mafuta ya kunukia ya mchaichai, gramu 10. Majani mabichi hayafai humu, soda inaua harufu yake.

Sita, mwaga katika sanduku, funika kwa blanketi kuukuu, acha siku moja au mbili. Kisha kata kwa kisu, ungali umevaa mifuko ya mikono, maana sabuni changa bado inauma.

Kazi hii ni ya jamaa nzima. Kwetu mambo yamegawanywa hivi. Baba anapima soda na kuitia majini. Mama anapima mafuta na kukoroga. Mtoto mkubwa hashiki soda, lakini anasoma mizani kwa sauti na kuandika daftarini. Mtu mmoja akipima na mwingine akasoma, kosa la mmoja linaonekana na mwingine.

7. Ikitokea hatari

Soda ikigusa ngozi, vua nguo iliyolowa, osha mara moja kwa maji mengi yanayopita, dakika 20 au zaidi. Usipake siki, usipake mafuta, usipake dawa ya meno. Maji tu. Kwa hiyo weka ndoo mbili za maji karibu kabla hujafungua soda.

Ikiingia jichoni, fungua jicho kwa vidole, mwagia maji safi polepole bila kuacha, na umpeleke mtu hospitalini huku ukiendelea kumwosha kama inawezekana.

Mtoto akinywa, usimlazimishe kutapika. Soda iliyounguza koo ikishuka itaunguza tena ikipanda. Mwoshe kinywa na umkimbize kwa waganga.

Na jambo hili nalisema kwa nguvu: usitie maji ya soda katika chupa ya limonadi wala chupa ya maji ya kunywa. Mtoto mwenye kiu hajui kusoma. Soda kavu ikae katika chombo chake, kimefungwa sana, juu, chini ya kufuli. Kufunga huko kuna faida nyingine: soda iliyoachwa wazi inavuta maji ya hewa na kupoteza nguvu, na kipimo chako kinakuwa cha uongo.

8. Kungojea

Panga vipande juu ya ubao kivulini, pepo zipite katikati. Vigeuze kila juma. Ngoja majuma manne kwa uchache. Sita ni bora. Kiangazi sabuni inakauka vizuri. Masika inatoa jasho, basi iongezee majuma mawili.

Siku ya kwanza mchanganyiko wote ulikuwa na uzito wa gramu 1,464. Baada ya majuma sita maji mengi yametoka, nawe unapata kama vipande 12 vya gramu 100. Usihuzunike kwa uzito uliopotea. Ulikuwa maji, na maji hayafui nguo.

Angalia kila kipande. Kikiwa na vijishimo vyenye maji, au punje nyeupe ngumu ndani, usikitumie mwilini. Ukipata karatasi za kupimia ukali, sabuni nzuri inaonyesha 9 au 10. Ikipita 11 weka mbali. Kisha nawa mikono wewe mwenyewe kwa sabuni ile siku tatu. Usiijaribu kwanza kwa mtoto. Lakini jueni kwamba kungojea hakurekebishi kipimo kibaya. Soda iliyozidi sana haiondoki kwa majuma.

9. Asiye na soda, na mambo mengine ya bafuni

Asiyepata soda afanye kama wazee. Achuje majivu meupe ya kuni au ya maganda ya ndizi, kisha ayachemshe maji yake mpaka yai bichi lielee na kuonyesha juu sehemu kama sarafu. Maji hayo nayo yanaunguza, yaogope kama soda. Yapike na mafuta kwa saa nyingi, ukikoroga, mpaka yawe mazito. Sabuni yake ni laini. Inafaa nguo na vyombo, maana kipimo chake si hakika. Usiioge.

Kwa ngozi kavu ya kiangazi, yeyusha sehemu moja ya nta ya nyuki katika sehemu nne za mafuta ya karanga, juu ya maji ya moto, si juu ya makala yenyewe. Ikipoa inakuwa marhamu ya miguu na midomo. Ukitaka inukie, loweka kwanza majani ya mchaichai katika mafuta yale juma moja, kisha uyachuje. Majani yawe makavu kabisa. Umande mdogo unaozesha mafuta.

Tena panda dodoki penye ua wa nyumba. Linatambaa lenyewe. Tunda likikauka, limenye, toa mbegu, upate kitu cha kusugulia mgongo bila kununua. Kipande cha sabuni pamoja na kipande cha dodoki kinauzwa upesi kuliko sabuni peke yake.

10. Kuuza

Andika gharama zote daftarini: mafuta, soda, makala, karatasi, nauli ya kwenda sokoni. Gawanya kwa vipande 12. Hapo unajua kipande kimoja kimekugharimu nini. Anayesahau nauli anauza kwa hasara huku akicheka. Tenga sehemu ya faida kwa kununua soda na mafuta ya safari ijayo kabla hujanunua kitu kingine.

Funga kila kipande kwa karatasi. Juu yake andika siku uliyoikoroga na mafuta uliyotia. Usizidishe udongo mweupe wala unga ili kiwe kizito. Mnunuzi anaweza kudanganywa mara moja, lakini barabara ni fupi.

Nkambo yangu sasa ni mzee, macho yake hayasomi mizani. Kopo la nyanya tunalo bado. Limetundikwa ukutani pale tunapofanyia kazi, nasi hatulitumii. Watoto wakiuliza ni la nini, tunawaambia.

Na mama yule wa barabara yetu, baada ya mwaka mmoja na zaidi, alikuja mlangoni akataka kipande kimoja. Alikigeuza, akasoma tarehe kwa sauti, akahesabu majuma kwa vidole, ndipo akatoa franka. Mpaka leo hanunui bila kuhesabu. Nami napenda ahesabu. Nawe msomaji, ukinunua sabuni ya mtu wa nyumbani, fanya kama yeye. Na ukiifanya wewe, pima, andika, ungoje.